Taya la mtoto wa Mulago na jeni iliyohama mahali pake

Mwaka 1957, katika wodi ya watoto ya Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, juu na chini, na meno yalikuwa yamelegea na kusukumwa nje ya mstari wake. Burkitt alikuwa ameshaona taya nyingi zilizovimba: jipu la jino, maambukizi ya mfupa, uvimbe wa aina hii na ile. Lakini magonjwa hayo kwa kawaida hukaa upande mmoja. Mtoto huyu alikuwa na uvimbe katika robo zote nne za taya zake, na hapakuwa na ugonjwa wowote wa kwenye vitabu uliofanya hivyo. Burkitt akampiga picha, akaandika maelezo yake, akarudi kwenye kazi zake bila jibu.

Wiki chache baadaye alikwenda Jinja, kilomita kama 80 kutoka Kampala. Akiwa katika hospitali ya pale alichungulia dirishani, akamwona msichana mdogo ameketi kwenye nyasi na mama yake, uso umevimba vilevile. Akatoka kwenda kumkagua. Taya zilikuwa zilezile za yule mvulana wa Mulago, na zaidi ya hapo tumboni kulikuwa na uvimbe mwingine.

Aliporudi Mulago akaanza kufukua mafaili ya zamani. Akakuta kwamba watoto wa namna hii walikuwa wakipita hospitalini hapo miaka mingi, ila kila mmoja aliandikwa jina tofauti la ugonjwa kulingana na mahali uvimbe ulipotokeza kwanza. Aliyeanza na taya alipewa jina lake, aliyeanza na figo lake, aliyeanza na ovari lake. Burkitt akaona kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akauandikia makala. Muda si mrefu wataalamu wa patholojia wa Mulago, Jack Davies na Greg O'Conor, wakaonyesha kwamba chanzo chake si mfupa wala figo, bali ni seli za kinga za mwili. Ni limfoma, yaani saratani ya seli hizo. Leo tunaiita limfoma ya Burkitt.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinaeleza jambo ambalo wengi husomeshwa kwa michoro ya mishale na masanduku, wakatoka darasani bila kulielewa: jinsi ishara zinavyofika kwenye jeni, nani anazipokea, na nini hutokea mpokeaji akikosa kunyamaza. Kilichokuza uvimbe wa mtoto wa Mulago hakikuwa protini ngeni. Ilikuwa ni protini ambayo mimi na wewe tunayo, ambayo bila hiyo tusingezaliwa. Kilichoharibika ni mahali jeni yake ilipokaa.

Ramani kabla ya hadubini

Burkitt hakuwa mtu wa maabara. Alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni. Alilolifanya lilikuwa ni kuuliza swali jepesi: watoto hawa wanatoka wapi? Alichapisha vipeperushi vyenye picha za wagonjwa, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika akiuliza kama wamewahi kuona kitu kama hiki. Majibu yalipokuja aliyachomeka kwenye ramani, na ukanda ukaanza kuonekana katikati ya Afrika.

Mwishoni mwa mwaka 1961 alifunga safari kwa gari la mitumba pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Walikwenda wiki kumi, maili kama 10,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine, zaidi ya 50 kwa jumla, wakishuka kupitia Tanganyika kuelekea kusini mwa bara na kurudi. Swali lilikuwa: mpaka wa ugonjwa huu uko wapi?

Jibu lilitoka kwenye hali ya hewa. Ugonjwa ulionekana mahali penye joto na mvua ya kutosha. Katika Afrika Mashariki haukupanda milimani kupita mita kama 1,500. Ukifika nyanda za juu za Rwanda na Burundi haupo. Watu wa huko waliohamia mabonde ya Uganda waliweza kuupata, tena wakiwa na umri mkubwa kuliko watoto wenyeji. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba jambo haliko kwenye damu ya ukoo bali kwenye mahali mtu anapoishi.

Halafu kulikuwa na Unguja na Pemba. Joto lipo, mvua ipo, kimo ni cha usawa wa bahari, lakini uvimbe huu visiwani ulikuwa adimu. Ukiangalia mvua na joto tu, hesabu haikubali. Ilikubali pale watafiti, akiwamo Gilbert Dalldorf mwaka 1964, walipoilinganisha ramani ya uvimbe na ramani ya malaria kali ya mwaka mzima. Visiwani malaria ilikuwa imepigwa vita vikali. Kilichokuwa kinafuata mvua na joto kilikuwa ni mbu.

Wakati huohuo kulikuwa na mshukiwa wa pili. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London, na kati ya waliokaa kumsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Kabla mhadhara haujaisha Epstein alikuwa ameshaamua kuuchunguza uvimbe huu. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara ilikuwa imechelewa na maji yake yametibuka, dalili ya kawaida ya bakteria. Wengine wangeimwaga. Epstein alichukua tone akaliweka kwenye hadubini, akaona seli za uvimbe zimejitenga na kipande na zinaelea peke yake, hai. Kutoka kwenye hizo akafanikiwa kuotesha seli za limfoma hii maabara, na mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi waliyoiona ndani yake kwa hadubini ya elektroni. Ndiyo virusi ya Epstein-Barr.

Hapo ungedhani kisa kimekwisha. Virusi imepatikana, tuitafutie chanjo. Tatizo ni kwamba virusi hiyo wanayo karibu watu wote. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wameambukizwa, na katika vijiji vyetu mtoto huwa ameshaipata kabla ya kutimiza miaka mitatu, kwa mate, kwa kutafuniwa chakula, kwa kuishi na wenzake. Malaria nayo karibu kila mtoto wa mabondeni huumwa. Kama virusi ni ya wote na malaria ni ya wote, kwa nini uvimbe unampata mtoto mmoja katika maelfu?

Kromosomu ya 8 na ya 14

Mwaka 1972 Georgi Manolov na mkewe Yanka Manolova, watafiti kutoka Bulgaria waliokuwa wakifanya kazi Lund, Sweden, walikuwa wakitazama kromosomu, yaani vifurushi vya DNA vinavyobeba jeni, za seli za uvimbe huu zikiwa zimetiwa rangi ya mistari. Wakaona kromosomu moja kati ya mbili za namba 14 ni ndefu kupita kiasi. Imeongezewa kipande mwishoni. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake walionyesha kipande hicho kimetoka wapi: kimekatika kutoka mwisho wa kromosomu ya 8.

Wakati ule hakuna aliyejua katika kipande hicho kuna nini. Jibu lilikuja mwaka 1982, na lilitoka karibu kwa wakati mmoja katika maabara kadhaa za Marekani, zikiwamo za Carlo Croce na Philip Leder. Mahali pale kromosomu ya 8 inapokatika ndipo inapokaa jeni ya MYC. Na mahali inapokwenda kuunganishwa kwenye kromosomu ya 14 ni katikati ya jeni za kutengeneza kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutumia kuwashika vijidudu.

Hapa lazima tusimame, maana ndipo kiini cha kisa kilipo.

Mnyapara aitwaye MYC

Kila seli yako ina kitabu kilekile cha DNA. Seli ya ini na seli ya ngozi zina kurasa sawa, herufi kwa herufi. Zinatofautiana kwa sababu kila moja inasoma kurasa zake na nyingine imezifunga. Kusoma ukurasa ni kunukuu jeni kuwa RNA, nakala yake ya muda, na RNA hiyo ndiyo inayotumika kutengeneza protini. Protini za unukuzi ndizo zinazoamua ukurasa upi ufunguliwe. Hushika DNA mahali maalumu karibu na jeni, zikaita mashine ya kunukuu ije au zikaizuia isikaribie. Binadamu ana aina kama 1,600 za protini hizi.

Nazo haziamui kwa matakwa yake. Hungoja ishara. Homoni, kemikali kutoka seli jirani au kipande cha kijidudu hugusa kipokezi juu ya seli, na ndani yake protini huipokezana ile habari, moja kwenda nyingine, kama watu waliopanga mstari kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua, ndoo ikipita mkono kwa mkono, mpaka inafika kwenye kiini ambako DNA ilipo. Mwisho wa mstari kuna protini ya unukuzi. Seli yenye afya ni ile ambayo mstari huo unaanza kwa wakati wake na, muhimu zaidi, unasimama kwa wakati wake.

MYC ni mmoja wa wapokeaji wa mwisho. Haiwezi kushika DNA ikiwa peke yake. Hushikana kwanza na mwenzake, protini ya MAX, kisha wawili hao hukaa juu ya DNA mahali penye herufi CACGTG. Mahali hapo pako kwenye maelfu ya jeni. Kwa hiyo MYC haifungui mlango mmoja. Ni kama mnyapara wa shamba: akipiga filimbi, huyu anakimbilia majembe, yule mbegu, yule maji. Seli inaanza kutengeneza ribosomu, viwanda vyake vya protini, inavuta sukari zaidi, inanakili DNA yake, inajigawa.

Mnyapara wa namna hiyo ni hatari, na mwili unalijua hilo. Protini ya MYC huvunjwavunjwa upesi sana, nusu yake hutoweka ndani ya dakika 20 hadi 30. Ishara ikikatika, ndani ya saa chache MYC imekwisha na shamba limetulia. Usalama wote wa mfumo huu umejengwa juu ya ule ufupi wa maisha yake.

Sasa angalia seli inayougua katika limfoma ya Burkitt. Ni seli B, moja ya zile zinazotengeneza kingamwili. Ukipata maambukizi, seli B huingia kwenye tezi, kwenye matonsili kwa mfano, na humo ndani hukusanyika katika vikundi vinavyofanana na kambi ya mafunzo. Humo seli B hufanya jambo ambalo karibu hakuna seli nyingine mwilini inayoruhusiwa kufanya: hukata na kubadilisha DNA yake kwa makusudi, kwenye jeni za kingamwili, ili kutafuta kingamwili inayomshika adui vizuri zaidi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho AID. Iliyofaulu hupewa ishara na seli nyingine ya kinga, seli T msaidizi, MYC inawaka kwa muda mfupi, seli inajigawa mara chache. Kisha protini nyingine ya unukuzi, BCL6, huizima tena MYC. Iliyoshindwa hufa. Muda mwingi wa mafunzo hayo MYC iko kimya.

Mara chache mno AID hukosea. Badala ya kukata kwenye jeni za kingamwili peke yake, inakata pia karibu na MYC. Seli ina ncha mbili za kromosomu zilizokatika, na mafundi wake wa kuunga DNA wanaunga haraka walichokikuta karibu. Kipande cha kromosomu ya 8 kinafungwa kwenye ya 14.

Jeni za kingamwili zina vichochezi, yaani vipande vya DNA vinavyoziwasha, vyenye nguvu kubwa, kwa sababu kazi ya seli B ni kutoa kingamwili kwa wingi. Katika seli B vichochezi hivyo haviungojei mstari wa ndoo. Vinawaka muda wote. Na sasa MYC imelala kando yake. Ni kama taa ya chumba chako kukatwa kwenye swichi yake na kuungwa kwenye waya wa jirani anayewasha jenereta usiku na mchana. Bonyeza swichi utakavyo, taa haizimiki. Ishara kutoka nje zinakuja, ishara za kusema "basi, tosha" zinakuja, BCL6 ipo palepale ikijaribu kuzima, na hakuna anayesikilizwa.

Katika wagonjwa wengi uhamisho ni huu wa 8 na 14. Kwa wachache MYC hukutana na jeni za kingamwili zilizoko kwenye kromosomu ya 2 au ya 22. Matokeo ni yaleyale, na hilo lenyewe ni ushahidi mzito: njia tatu tofauti, zote zinaishia kuiweka MYC chini ya kichochezi cha kingamwili.

Ushahidi mwingine ulitoka kwa panya. Mwaka 1985 watafiti wa Melbourne, Australia, waliunganisha jeni ya MYC na kichochezi cha kingamwili wakaiingiza kwenye panya. Panya hao wakaota limfoma za seli B ndani ya miezi michache. Mwaka 1999 Dean Felsher na Michael Bishop walitengeneza panya ambao MYC yao iliweza kuwashwa na kuzimwa kwa dawa. Ilipowashwa, saratani ya damu ikaota. Ilipozimwa, saratani ikarudi nyuma. Hapo hapakubaki shaka kwamba saratani ya namna hii haianzishwi tu na MYC, bali inaishi kwa kuitegemea.

Virusi na malaria wanaingilia wapi

Turudi kwenye lile swali: kwa nini mtoto mmoja katika maelfu, na kwa nini mtoto wa bondeni?

Mimi naona hapa ndipo ramani ya Burkitt na hadubini ya akina Manolov zinapokutana. Malaria ya mara kwa mara huzifanya seli B za mtoto zisipumzike. Protini ambazo kimelea hutokeza juu ya chembe nyekundu za damu huzigusa seli B moja kwa moja na kuziamsha. Kambi za mafunzo zinajaa, AID inafanya kazi mfululizo, mwaka baada ya mwaka. Kila mkato ni bahati nasibu. Ukicheza mara nyingi vya kutosha, siku moja namba mbaya itatoka. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwa panya kwamba maambukizi ya kimelea cha malaria yanaongeza makosa ya namna hii katika seli B, na kwamba AID ndiyo inayoyasababisha.

Lakini seli yenye MYC isiyozimika ingepaswa kufa. Hilo ni jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. MYC ikiwaka kupita kiasi, seli yenyewe hutambua kuna hitilafu na kujiua. Ni kinga ya zamani sana, na protini ya p53, nayo ikiwa ni protini ya unukuzi, ni mmoja wa wasimamizi wake. Ili uvimbe uote lazima kinga hiyo ivunjwe. Katika wagonjwa wengi p53 au wenzake wameharibika. Mara nyingi jeni ya MYC yenyewe, ikiwa kwenye makazi yake mapya, hupata mabadiliko ya ziada yanayoifanya protini yake isivunjwe upesi. Na hapo ndipo virusi ya Epstein-Barr inapotoa msaada wake: inazisaidia seli B zisife zilipostahili kufa. Katika limfoma ya Burkitt ya Afrika ya kitropiki, virusi hiyo hukutwa ndani ya seli za karibu kila mgonjwa.

Katika wilaya ya West Nile, Uganda, damu ya watoto kama 42,000 ilikusanywa miaka ya 1970, kisha wakafuatiliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliokuja kupata limfoma walikuwa na kingamwili nyingi za virusi hiyo tangu kabla ya kuugua. Virusi ilikuwa imewalemea mapema. Upande wa malaria, watafiti walikwenda Tanzania, kaskazini mwa mkoa wa Mara, na kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 watoto waligawiwa klorokwini. Malaria ilishuka, na limfoma ikashuka. Kisha klorokwini ikaanza kupoteza nguvu, malaria ikarudi. Ushahidi wa Mara haukuwa wa mkato, kwa sababu limfoma ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa kugawiwa. Hata hivyo ukiuweka pamoja na Unguja na Pemba, pamoja na nyanda za juu za Rwanda, pamoja na panya, picha inashikamana.

Kwa hiyo mtoto wa Mulago alikuwa amekutana na mambo matatu kwa pamoja. Malaria iliyozisukuma seli zake B zikate DNA bila kupumzika. Virusi iliyozizuia zisife. Na mkato mmoja, katika seli moja, uliohamisha jeni.

Kasi

Ukiweka kipande cha uvimbe huu chini ya hadubini, unaona zulia la seli za buluu iliyokolea, zote za ukubwa mmoja, zimebanana. Katikati yake kumetawanyika madoa meupe. Wataalamu huuita mwonekano huu anga lenye nyota. Kila nyota ni seli mla-taka iliyojaa mabaki ya seli zilizokufa. Yaani hata katikati ya ukuaji huo, seli nyingi zinakufa, kwa sababu ile kinga ya kujiua haijavunjika kabisa. Ukitia rangi inayoonyesha seli zinazojigawa, karibu zote, asilimia zaidi ya 95, zinawaka.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mzazi atakuambia Ijumaa shavu lilikuwa la kawaida, na Ijumaa iliyofuata jicho limeanza kusukumwa. Hatii chumvi. Hivyo ndivyo MYC isiyozimika inavyoonekana kwenye uso wa mtoto.

Kasi hiyohiyo ndiyo iliyompa Burkitt matumaini. Upasuaji haukuwezekana, maana huwezi kuondoa robo zote nne za taya za mtoto, na tiba ya mionzi haikuwapo Kampala. Lakini dawa za kuua seli zinazojigawa zilikuwa zimeanza kupatikana. Seli inayojigawa kila siku haina nafasi ya kujificha. Burkitt na wenzake walitoa dawa kama saiklofosfamaidi, wakati mwingine dozi chache tu, na wakaona uvimbe unayeyuka ndani ya siku chache. Baadhi ya watoto hao walipona moja kwa moja. Hiyo ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani saratani kuponywa kwa dawa peke yake, na ilifanyika Kampala. Mwaka 1967 ikaanzishwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambako John Ziegler, na baadaye Charles Olweny, walionyesha kwamba kuchanganya dawa kunatoa matokeo bora zaidi.

Watu huuliza kwa nini tusiizime MYC yenyewe. Jibu ni kwamba protini hii haina tundu ambalo dawa ndogo inaweza kuingia na kukaa. Ni laini, imelegea, na hujipanga pale tu inaposhikana na MAX. Laura Soucek na wenzake huko Barcelona wamefanya kazi miaka mingi na protini ndogo iitwayo Omomyc, inayojipachika mahali pa MYC na kuizuia isishike DNA. Mwaka 2024 walichapisha matokeo ya majaribio yake ya kwanza kwa binadamu, yenye lengo la kupima usalama. Ni mwanzo.

Kwa sasa dawa za zamani ndizo zinazoponya. Katika nchi tajiri, karibu watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma hii hupona. Katika hospitali nyingi za ukanda wetu, ugonjwa uleule, kwa sehemu kubwa dawa zilezile, wanaopona hushuka hadi nusu au chini yake. Hapa sitapunguza maneno: tofauti hiyo inaniuma, kwa sababu haitokani na biolojia. Inatokana na siku. Mtoto anaanza kwa fundi wa meno, jino lililolegea linang'olewa, linafuata la pili. Anapewa viuavijasumu wiki mbili kwa kudhaniwa ni jipu. Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa inatafutwa wiki nyingine. Kwa uvimbe unaoongezeka maradufu kila siku mbili, wiki tatu ni maradufu mara kumi.

Anayemwona mtoto huyu kwanza ni mhudumu wa zahanati, na anachohitaji kukiona hakihitaji mashine. Mtoto wa miaka minne hadi tisa. Meno yaliyolegea bila kutoboka, hasa yakiwa zaidi ya moja. Uvimbe wa taya usio na joto la jipu, tena usiouma sana. Jicho linalosukumwa mbele. Tumbo linalojaa. Miguu inayokosa nguvu ghafla, kwa sababu uvimbe unaweza kubana uti wa mgongo. Lolote kati ya hayo likionekana, apelekwe mahali panapoweza kuchukua kipande cha uvimbe, na apelekwe siku ileile.

Huko hospitalini kuna jambo moja la kuangalia kabla ya dozi ya kwanza. Seli nyingi mno zikifa kwa pamoja humwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu, potasiamu na asidi ya yuriki, na figo za mtoto zinaweza kuziba kwa siku moja. Kwa hiyo huanzishiwa maji mengi ya mshipani na alopurinoli, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, mkojo unapimwa kila saa chache, halafu ndipo saiklofosfamaidi inaingia. Dawa nyingine hupelekwa kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa sababu uvimbe hupenda kukimbilia huko. Siku ya kwanza huoni kitu. Siku ya pili ngozi ya shavu iliyokuwa imekazana inalegea. Siku ya tatu au ya nne, mama aliyekaa kando ya kitanda anaanza kuuona tena uso wa mwanawe.